Mshale Kwenye Sifuri

Saa kumi na moja na nusu, Kibaigwa bado giza,
malori yamelala na vumbi la safari.
Natundika mizani kwenye boriti,
napuliza makapi ya jana kwenye ndoana,
nautazama mshale.
Ukitulia kwenye sifuri nasema: Bwana, tuanze.
Hiyo ndiyo sala yangu ya asubuhi.
Mke wangu Nyemo anaiona fupi mno;
yeye huomba mpaka uji ukafurika.

Sikuwa hivi.
Nilikuwa mtu wa Jumapili:
suti ya kahawia, sauti ya besi, safu ya pili,
haleluya yangu ikitikisa mabati.
Jumatatu nikarudi kwenye lumbesa,
na goti langu,
goti hilihili nililolipiga mbele ya madhabahu,
lilijua kuingia chini ya gunia
mkulima akigeuka kufukuza mbuzi.

Mwaja Chilewa alikuja mwezi wa saba,
upepo ukipepeta soko zima,
gunia moja la alizeti kwenye baiskeli ya mjukuu,
mdomo wa gunia umeshonwa kwa shazia, mshono wa mtu asiye na haraka.
"Mbukwenyi," akasema. Nikaitika.
Mbuzi akaja. Akageuka.
Sitini na moja ikasomeka hamsini na nane.
Kilo tatu tu. Sabuni, chumvi, basi.

Jumapili zamu ya kuhesabu sadaka ilikuwa yangu.
Kati ya noti zilizokunjwa, bahasha,
na mwandiko wa penseli wa mtoto wa shule:
*Mwaja Chilewa. Fungu la kumi la kilo 58.
Mungu anisamehe, nilipima kwa debe nyumbani
nikadhani umenipa zaidi.*

Nikaisoma mara mbili.
Mdachi akauliza kama hesabu imekataa.
Nikamwambia imekubali.
Nilidhani nimemwibia bibi kizee;
kumbe nilitia mkono kwenye kikapu
kabla kikapu hakijapita,
na yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Jumatano nikaenda upande wa Pandambili
na kilo tatu kwenye kiroba.
Nilimkuta nyuma ya ua wa minyaa akichagua choroko.
Nikasema yote, pamoja na goti.
Hakulia. Hakuniambia nimekusamehe.
Alichukua kopo lake akapima, taratibu,
akapangusa juu kwa kiganja,
kisha akanirudishia konzi moja.
"Umezidisha. Sitaki deni la mtu,
wala la Mungu."

Akaleta ugali wa uwele na mlenda.
Kabla hatujanawa akaombea mvua,
akaombea mbuzi mwenye kidonda,
akamwombea mtu wa mizani.
Jina hakulitaja.
Nami nilikuwa nimekaa pale pale,
mikono ikinuka alizeti.

Zile mbegu nilizitafuna njiani,
nikitema maganda mpaka kwenye lami.

Siku hizi nasimama hatua moja mbali na gunia.
Matajiri wawili wamehamia kwa jirani,
wanasema mizani yangu ina dini.
Nyemo amepunguza sukari kwenye chai na hasemi kitu,
ila juzi nilimsikia akiimba akichuja maziwa
wimbo niliodhani ni wa kwaya tu.
Besi yangu imeshuka. Sijui ni umri
au ni kwamba sasa naimba pia nikishona magunia,
na mtu hawezi kupaza sauti siku sita mfululizo
akabaki na ya kutikisa mabati.

Jioni nafunika mizani kwa salfeti.
Lakini upepo wa huku haulali.
Usiku vumbi huingia kwenye springi,
na mshale husogea, robo kilo, nusu,
bila mtu kuugusa.

Husogea kila usiku.
Kwa hiyo narudi kabla ya jua.