Kuficha Choo cha Bati

Mama aliupanda kuficha choo.
Hakuna siri nyingine, hakuna hadithi ya mapenzi:
choo cha bati nyuma ya nyumba, mlango ukielekea barabara ya kanisa,
na kila Jumapili magari ya Wapresbiteri yakipunguza mwendo kwenye kona
baba akiwa ndani, viatu vyake vikionekana.

Mbegu alipewa na Bibi Doreen Haddow,
nne, ndani ya hankachifu iliyopigwa pasi.
Pasheni-ndizi, alisema. Usihangaike nayo, itajiotea.
Ikajiotea.

Mwaka wa kwanza ilifika kwenye bawaba.
Mwaka wa pili ikavaa paa.
Na maua yake, nisiwe mwongo, yalikuwa mazuri,
ya rangi ya waridi, yakining'inia kichwa chini
kama magauni ya vichanga kambani.
Julai, kwetu huku kusini mwezi wa baridi,
barafu nyembamba ikitanda juu ya ndoo,
mitofaa ikibaki mifupa,
yenyewe ilikuwa kijani tu,
kijani cha mtu asiyedaiwa.

Tukala matunda. Manjano, marefu, laini kama sikio la ndama.
Mbegu tulitema popote; mimi nilishindana na kaka yangu Lindsay
nani atazivusha kijito.
Ndege wakala. Posamu wakala usiku,
nao hawakuwa na choo cha bati.

Miaka hamsini.
Choo kilikwisha anguka, baba akafa, mama akafa,
na pasheni ikaingia msitu wa watu.
Iko totara pale juu, mti uliokuwepo
kabla meli yoyote haijaleta kondoo wala Wapresbiteri.
Umevikwa kuanzia utosini hadi miguuni.
Ukipita barabarani utasema: harusi.
Ingia chini yake.
Ni giza, na harufu ya kabati lililofungwa,
na hapana mche, hata mmoja, unaothubutu.

Jumamosi tunakutana watu sita.
Rawiri Tuhoro anagawa misumeno na chupa za dawa.
Kata chini, anasema, karibu na udongo.
Kata tena usawa wa kifua.
Paka kisiki kabla hujafika kumi.
Usivute, utajiangushia mbingu.
Na kipande usikitupe ardhini, kitaota;
kiache kikaukie hukohuko kilikopanda.

Siku ya kwanza aliuliza, bila ukali,
nani aliyeileta bondeni.
Nikajibu: watu wa zamani.
Mama yangu, nikamfanya watu.

Jana tulifika ulipokuwa ua wetu.
Shina la kwanza lilikuwa nene kama paja,
na ndani ya gome, limemezwa nusu,
komeo la mlango.
Nililigusa. Lilikuwa baridi, na bado linasogea kidogo.
Nikasema, Rawiri, huyu ni mama.
Hakucheka. Hakunipa pole pia.
Aliangalia totara, akaniangalia,
akanigeuzia msumeno, mpini kwangu.

Nilikata kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.
Maji yalitoka, mengi, maangavu.
Nikapaka dawa. Moja, mbili, tatu.
Tunda moja nilikuwa nimelichuma; ndiyo, nililila,
na kila mbegu nikaitemea kiganjani
nikazihesabu kama chenji.

Juu kule maua hayakuwa na habari.
Yatakaa hivyo wiki mbili, labda tatu,
yakipepea kwa mazoea.

Lakini hapa chini tulishafyeka upande mzima,
barabara ikaonekana.
Gari likaja,
likapunguza mwendo kwenye kona.