Mti Ulionisomesha

Nimepanda Uru na makopo arobaini,
mengine yalikuwa ya siagi, mengine ya kakao,
kila moja na namba yake ya rangi nyeupe,
na kioo kidogo chenye viraba ishirini na vinne
ambacho mama, alipokiona, aliuliza
kama kule mjini siku hizi wasomi
wanalipwa kujitazama.

Si uso, mama. Hiki unakilaza kiganjani
chini ya mti, unainama, unahesabu
viraba vingapi vimejaa jani
na vingapi vimejaa mbingu.

Chini ya mringaringa wa babu, ule wa kwenye kahawa:
ishirini na viwili jani, viwili mbingu.
Udongo wake haukutaka kubanduka kwenye koleo,
ulinata, ulinukia kitu kilichopikwa polepole,
na nyungunyungu mmoja alikataa katakata
kuingia kopo la kumi na tatu.

Chini ya mruka, mchana, kumi na tisa.
Nikarudi magharibi, nikakuta tisa tu:
mruka hufumba majani giza likiingia,
kama mwenye duka anayefunga mapema
ili umande uwafikie walio chini.
Fomu yangu haina mahali pa kuandika hilo.

Kisha nikaenda mpakani.

Mikaratusi imenyooka kama mistari ya daftari.
Majani yake hayatandi, yananing'inia wima,
jua linapita katikati bila kubisha hodi.
Viraba vyangu: vinane.
Chini, makavu yamelala mwaka wa pili bila kuoza,
yananuka dawa ya kifua,
na maji niliyoyamwaga yakabaki juu ya vumbi,
tone zima, la duara, kama ushanga
uliokataliwa na uzi.

Mjini, nyuma ya maabara, oveni ya nyuzi mia moja na tano
ilikesha na makopo yangu. Asubuhi nikapima tena.
Kilichopungua ndicho maji. Hesabu ni hiyo tu:
unajua udongo ulikuwa na nini
baada ya kuunyang'anya.
Mringaringa, gramu thelathini na nane katika kila mia.
Mruka, thelathini na tatu.
Mpakani, kumi na moja.

Nilikaa na ile kumi na moja muda mrefu.

Nguzo za kidato cha kwanza zilikwenda kwa fundi wa Majengo.
Za kidato cha tatu zilibeba zege la ghorofa moja pale Kiborloni.
Mti ulikatwa, ukachipua, ukakatwa, ukachipua,
na mfongo uliopita chini yake, ambao tuliusikia
hadi chumbani tulikolala,
ukawa njia ya kuku.

Nilimsomea mama namba zote.
Alikuwa anamenya mshare, kisu hakikusimama.
"Kwa hiyo hayo maji unayoyatafuta," alisema,
"mengine umeyanywa wewe."

Jumamosi tuling'oa visiki viwili. Viwili tu.
Vingine vina mwaka na nusu kufikia nguzo,
na Aikande ndiyo kwanza yuko kidato cha pili.
Kwenye mashimo tukatia miche ya mringaringa,
mifupi, ya magotini,
hivyo kioo nikakilaza kwenye tope lenyewe.

Mbingu, mbingu, mbingu, mstari hadi mstari.
Kwenye kiraba cha mwisho, pembeni, kitu cha kijani
kikaingia, kikatoka.
Sikujua kama nikihesabu.