Kasoro Mkono

Valdivia, mwezi wa Mei. Mvua haijakata tangu Jumanne
na dari ya maabara ya kompyuta inavuja
ndani ya ndoo ya rangi, kati ya kiti cha nne na cha tano.
Mimi hukaa cha tano.

Profesa Oyarzo havui koti. Anaandika ubaoni:
jumlisheni sehemu moja ya kumi, mara kumi.
Tukacheka. Hesabu ya darasa la tatu!
Nikabonyeza. Mashine ikanijibu
sifuri, nukta, halafu tisa kumi na sita
zimepanga foleni kama watu wa benki mwisho wa mwezi,
na moja haikutokea.

Nilidhani nimekosea mimi. Mimi ndiye hukosea:
wa kwanza kwetu kuvuka lango la chuo,
sweta yangu inanuka moshi wa jiko.
Nikafuta, nikaandika upya, nikafuta.
Catrileo wa kiti cha nne akanigeuzia skrini yake:
tisa zilezile, foleni ileile.

"Mashine inahesabu kwa mbili," akasema profesa,
"na moja ya kumi haiingii katika mbili,
kama mguu wako usivyoingia kiatu cha mtoto.
Inakata kidole, inavaa, inatembea.
Kazi yenu muhula huu si kukililia kidole.
Ni kujua kimekatwa kiasi gani."

Ndo, ikasema ndoo.

Husemwa chururu si ndondondo.
Aliyesema hakuona mzunguko wa mara milioni,
tone juu ya tone la kosa dogo,
hadi daraja ulilolichora kwenye karatasi
linakosa ukingo wa pili wa mto.
Ndoo ilipojaa tulikwenda kuimwaga kwa zamu.

Juni, tukafundishwa kutafuta mzizi.
Simama hapa, ambapo jibu ni hasi.
Simama kule, ambapo ni chanya.
Kata katikati, tupa nusu isiyo na kitu, kata tena.
Nusu shari kuliko shari kamili.
Catrileo akaiita njia ya konokono;
yeye alipenda ile ya tanjenti, inayoruka.
Akaanzia pabaya, ikamrusha hadi bilioni saba,
akabaki ameshika kichwa.
Konokono wangu alifika saa tano usiku,
amelowa, lakini amefika.

Usiku huo, kati ya kuacha chuo na kubaki,
nikakata katikati: nibaki hadi Ijumaa.
Ijumaa nikakata tena.

Jumamosi nikamsaidia Baba kupanga kuni kwenye lori.
Hajawahi kushika futikamba maishani mwake.
Hupiga hatua, hunyoosha mkono, hufumba jicho moja.
"Mita nne," akamwambia Bi. Hoelzel mlangoni,
"kasoro mkono. Huo mkono sikulipishi."

Gogo likaniponyoka, likanipiga kiatuni.
Miezi mitatu nalipa ada
kuisikia sentensi hiyo:
jibu, na umbali wake na kweli,
na nani ataibeba tofauti.

Matokeo yalitoka Julai, ukutani, chini ya plastiki.
Tatu nukta tisa tano.
Kufaulu ni nne. Chuo hukadiria hadi desimali moja.
Nilirudi maabara, ingawa taa zilikuwa zimezimwa nusu,
nikaiandika alama yangu, nikaiamuru mashine
inionyeshe tarakimu zote, isifiche kitu.
Tatu, tisa, tano,
sifuri kumi na tatu,
halafu moja.

Ziada isiyonunua hata chembe ya mkate.
Lakini safari hii kidole kiliongezwa,
na nilikaa nikikitazama
mpaka mlinzi akaja na funguo.

"Umefaulu?" Baba akauliza kwenye simu;
nyuma yake nasikia msumeno wa jirani.
"Nne, Baba. Kasoro mkono."
Akanyamaza. Msumeno ukazimwa.
"Mkono wa nani," akauliza, "wangu au wako?"