Ubeti Wenye Pengo

Niliijua kabla hawajaitaja.
Harufu ilipenya chini ya lile turubai la mpira,
la kijani, lenye tundu moja tu,
na jino langu limechungulia humo peke yake
kama mgeni aliyekosea mlango.

Jiki.

Nikataka kucheka, lakini utachekaje
na kibano cha chuma kimekushika kinywani?

Kijana anaitwa Struan. Mwanafunzi, mwaka wa nne.
Sauti inamtetemeka kidogo
kila mwalimu wake, Daktari Geddes, anaposogeza kiti.
"Ni dawa ya kuua bakteria, Misis Shee,"
na jina langu analitamka kama anayembembeleza mtoto alale.
"Jina lake refu. Usijali."

Sijali. Miaka kumi na tisa nimeisukuma kwa ndoo
kwenye korido za shule moja, hapa hapa Dundee,
alfajiri za Februari, shakwe wakigombana juu ya mapipa,
kabla watoto hawajaja na matope yao.
Najua inavyokausha vidole.
Najua ilivyolila buibui langu jeusi
likabaki na mabaka ya rangi ya chai.
Sikujua tu kwamba inaingia hadi mzizini.

Anaisukuma sirinji polepole.
Sindano haina tundu nchani, tundu liko ubavuni,
dawa isije ikavuka mwisho wa mzizi
ikaunguza nyama isiyo na kosa.
Hilo mwalimu analirudia mara mbili.
Mara ya pili naona kidole gumba cha Struan kimelegea.

Tupa hupita katikati tu, mwalimu anaeleza;
jino lina vichochoro ambavyo chuma hakivifikii.
Maji ndiyo yanayofika.
Hapo namwelewa kuliko anavyodhani.
Ufagio gani umewahi kuingia ufa wa kigae?

Kisha chupa nyingine inasogezwa.
Klorheksidini: nimeisoma lebo juu chini.
"Bado! Suuza kwanza."
Kwani hizo mbili zikikutana hugeuka kahawia,
mashapo yakaganda, yakaziba njia.
Natazama dari. Mimi ningemwambia.
Wiki yangu ya kwanza kazini nilichanganya jiki
na dawa ya choo, nikatoka nakohoa mpaka barabarani,
na Bi Effie, msimamizi, akanipa maji na matusi
kwa mkono mmoja.

Wanaiacha dawa ikae. Saa ndogo inahesabu dakika,
nami, kwa kuwa siwezi kusema, nahesabu mizani:

*Jiki nimeimwagia, sakafu za watu baki,*
*Leo imenirudia, kinywani yasema haki,*
*Mdudu kang'ang'ania, mzizini habanduki,*

Wa nne ulikuwa unakuja. Naapa.
Kina cha kati kilikuwa "dunia",
na mwisho wake nadhani "dhiki", sina hakika,
maana hapo hapo Struan akainama:
"Uko sawa, Misis Shee?"
Bomba la kunyonya mate likakoroma,
mshororo ukaenda nalo.

Nimerudi kwa basi, nusu ya uso imelala,
dirisha linaonyesha mto Tay na mimi juu yake,
mdomo umekwenda upande kama wa mtu mwenye dharau.
Wiki mbili nirudi. Watajaza, watafunika.

Jino na lijazwe. Ubeti nimeuacha vile vile;
jino la pembe si dawa ya pengo,
sitauchongea mshororo wa bandia.

Kesho saa kumi na moja alfajiri nina ndoo yangu.
Nikifungua kile kifuniko cha buluu
najua ulimi utakwenda wenyewe,
nyuma, kushoto, juu,
kuuliza hali.