Baada ya Nukta

Niliiagiza programu: baada ya nukta,
tarakimu mbili tu, basi.
Risiti ikatoka ghalani Moshi
safi kama shati la Jumapili.

12.33
20.33
8.33
Jumla, kilo 41.00

Bi Aikaruwa Temu hakuwa na haraka.
Akachomoa penseli kwenye kilemba,
akajumlisha nyuma ya karatasi, midomo ikicheza,
vumbi la maganda ya kahawa likitua juu ya hesabu.
"Arobaini, nukta tisa tisa.
Hii moja umeitoa wapi?"

Nikamweleza: mzani hunong'ona hadi tarakimu ya tatu,
nne, nne, nne, kila gunia.
Nimezificha tu, sikuzifuta.
Mashine hujumlisha inachokijua,
si inachokuonyesha.

Akanitazama kama atazamavyo mlima
siku ya mawingu:
hauonekani, lakini hakuna aliyeuhamisha.

"Leo zimenifaa mimi," akasema.
"Siku zikilifaa ghala,
nani atakuwa na penseli?"

Usiku nikaurudia mstari ule mmoja.
Mbili nikaifanya tatu.
Risiti sasa ni pana kidogo, haipendezi,
na namba zimegusana mabega
kama watu kwenye foleni ya malipo.