Maji ya Barani

Pijo ya Baba ilifoka Maweni, mbele ya duka la mbao.
Mvuke, na harufu ya kutu iliyochemka.
Mie mbio kufungua kifuniko. "Wee! Acha!"
Mbodze akanidaka mkono kwa tambara lake.
"Rejeta haifunguliwi kwa hasira.
Ngoja ipoe. Nawe upoe."

Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi,
haina rangi ya chai ya maziwa. Gasketi nzima.
Mkanda akaubonyeza kwa gumba. Umekaza.
Feni yazunguka.
Nami nimeshanunua pampu mpya Mombasa, elfu nane,
imo kwenye buti, ndani ya boksi,
yanicheka.

Asubuhi akaivua rejeta, akaipindua,
akaitia mpira wa maji kwa chini.
Yakatoka matope mekundu,
kisha magamba meupe, magumu kama kucha.
Akaweka moja ulimini. Akatema.
"Chumvi. Mwateka wapi maji?"

Kisimani kwetu, Barani.
Miaka kumi na tisa Baba aliinywesha gari
kwa ndoo ileile aliyotunywesha sisi.
Maji ninayokunywa mwenyewe, alikuwa akisema,
sioni haya kumpa mtu.

Mbodze hakucheka.
Alizibua mishipa, mmoja mmoja, kwa waya,
akabadili themostati iliyokwama imefumba mdomo,
akajaza maji ya mvua na dawa ya kijani.

Watamu, kwenda na kurudi, jua la utosi:
mshale ukalala katikati.
Nimeshika usukani pale
palipochubuliwa na pete yake.

Gamba moja nimelitia kwenye kisahani cha majivu.
Humu ndani havuti mtu tena.