Bizari

Sanamu hana miguu. Anaishia kiunoni,
kifua cha plastiki, mdomo wazi kama aliyetajiwa bei.
Tumemlaza kwenye gereji, nyuma ya zahanati, Temeke,
juu ya turubai linalonuka dizeli.
Kuna aliyemvika jezi ya Yanga.
"Ndiyo maana kazimia," anasema Kamgisha, mtu wa Simba,
na tunacheka, kwa sababu ni asubuhi na chai ilikuwa nzuri.

Sista Namsifu hacheki.
"Huyu anaitwa Mgeni. Ana homa tangu juzi,
ametapika damu, na sasa hapumui. Haya."

Kamgisha alishapiga magoti.
Mikono mitupu.
"Umekufa," akasema Sista, sauti ile ile.
"Siyo yeye. Wewe. Rudi kwenye mstari."

Basi tukafundishwa kuchelewa.
Miaka kumi na moja nashika usukani wa gari la wagonjwa,
Rangi Tatu hadi Muhimbili nazijua taa zote na ukaidi wake,
na kazi yangu ilikuwa neno moja: wahi.
Leo naambiwa simama. Funga kamba ya gauni.
Glavu, na juu ya glavu, glavu.
Barakoa; bana kile kichuma puani. Miwani.
Pumua. Ukungu ukipanda kwenye kioo, anza upya.
Moyo wa Mgeni umelala pale, unatusubiri tuvae.

Aliyesema haraka haraka haina baraka
hakuwahi kumkuta mama wa mgonjwa mlangoni,
khanga mdomoni, akisema
wanangu, mnafunga kamba gani?

Usiinamie uso wake kusikiliza pumzi. Tazama kifua.
Usimpulizie mdomoni, hata kama ni mdomo wa ndugu yako.
Mfunike. Kiganja juu ya kiganja, viwiko vimenyooka,
moja na mbili na tatu,
Mwanahawa anahesabu kama anayepokea matofali,
hadi thelathini. Kisha mfuko wa hewa, wenye chujio:
mmoja abane kwa mikono miwili, pasivuje,
mwenzake akamue, polepole, mara mbili.
Tena.
Februari ya Dar ndani ya gauni la nailoni!
Jasho limejaa kwenye glavu, vidole vinaogelea.
"Badilishaneni. Aliyechoka habonyezi, anabembeleza."

Ukutani ipo ratiba ya zamu ya zamani.
Jina la Mlekwa bado lipo, Jumanne, usiku,
kwa wino wa bluu.
Mlekwa alikuwa anawahi kuliko sisi sote.
Hakuna aliyelifuta. Hakuna aliyelitaja.

"Sasa vueni. Kuvaa ni mbwembwe tu, kuvua ndiko kunakoua."
Glavu ya nje. Klorini.
Gauni, likunje, ndani iwe nje. Klorini.
Miwani kwa mkanda wa kisogoni.
Barakoa mwisho, ukishatoka, usiiguse mbele.

Ndipo akatuambia: alfajiri, kabla hatujafika,
aliipaka ile jezi bizari, kifuani na kwenye ukosi,
njano juu ya njano.
Akawasha tochi, akatukagua mmoja mmoja.
Kamgisha: nyuma ya sikio.
Mwanahawa: kifundo cha mkono, na pete ya ndoa.
Mimi akanizungusha mara mbili. "Safi," akasema.
Nikavimba kichwa mpaka Tandika.

Mke wangu alinipokea begi akaanza kucheka.
"Leo umeshinda jikoni kwa nani?"
Chini ya ukosi, pale ambapo tochi haikufika.
Tunu alishanirukia, alishalala begani,
na shavuni alikuwa na alama ya njano, ndogo,
kama punje ya mchele.

Nikasimama kizingitini, mikono hewani,
nikihesabu kurudi nyuma: barakoa, miwani,
gauni, ile kamba ya shingoni
niliivuta kwa mkono upi?

"Ingia basi," akasema, "chakula kinapoa."
Mtoto alikuwa analamba kidole.